Mikono Utakayoiona Kwenye Shuka

Rumonge, mwezi wa Rajabu, siku ya tisa

Kwa mwanangu, muzaliwa wangu wa kwanza, Alimasi bin Maneno, fundi mbao kwenye karakana ya gari la moshi, Dar es Salaam.

Salamu nyingi, mwanangu, zikukute muzima, umekula, umelala, na hakuna mahali panapokuuma. Je, kile kikohozi kimekwisha? Je, yule mupishi wenu bado anawapa maharage yenye mawe? Nakuuliza kila barua na weye hujibu. Kama una homa sema, usinifiche, maana mama yako akikaa bila kujua anajitengenezea ugonjwa wako mwenyewe kichwani, na ule wa kichwani ni mukubwa kuliko wa kweli. Sisi huku amahoro, amani tu. Mvua zimekatika, ndagala wanatoka kwa wingi, na mbuzi wetu mweusi amezaa mapacha.

Utaona mwandiko huu si wa mwalimu Ramazani. Ni wangu. Ni zile herufi nilizosoma chuoni miaka miwili kabla ya kuolewa, na nyingine nimezisahau, kwa hiyo pale utakapokwama soma kwa sauti, utanisikia. Barua zote za nyuma nilisema mimi na akaandika mwalimu. Hii sikutaka apite mutu mwingine katikati. Sababu iko huko chini. Nakuomba usirukie chini. Soma kwa mpango kama nilivyoandika, maana nisipoanza na furaha sitafika kwenye hilo lingine.

Mwanangu weye! Rumonge nzima imepigwa picha! Na si zile za karatasi kama ile aliyopigwa mujomba wako kule Ujiji, amekodoa macho kama aliyemeza mwiba. Hizi ni picha zinazotembea. Mutu akipita, kwenye picha anapita. Akicheka, meno yanaonekana, halafu anafunga mudomo. Mustafa, mukalimani aliyetoka Usumbura, ameniapia kwamba ameziona kwa macho yake: wanatundika shuka nyeupe ukutani, wanazima taa, na watu wanatokea pale kwenye shuka, wanakwenda zao kazini.

Aliyetuletea jambo hili ni Mudachi mmoja mwembamba, ndevu zake rangi ya mawese. Jina lake lilitushinda, tunamwita Bwana Mupini, sababu sanduku lake lina mupini ubavuni na yeye kutwa anauzungusha kama mutu anayesaga kahawa. Sanduku lina miguu mitatu na jicho moja. Ndani kunaingia utepe, na utepe unakuja umefungwa kwenye mikebe ya bati. Alikuja na mikebe kumi na miwili tu. Mukebe ukiisha umeisha, hakuna duka la mikebe hata ukienda Usumbura.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Askari wa boma alipita akitangaza kwamba kesho asubuhi watu wote wa ufukweni watapigwa picha wakifanya kazi yao ya kila siku. Basi unawajua watu wa kwenu. Jioni ile kanzu zilitoka kwenye makasha, kofia zikafuliwa, wanawake tukasukana mpaka vidole vikafa ganzi. Asubuhi Amuri, mukubwa wa wavuvi, akaingia ziwani na wenzake ishirini, wote kanzu nyeupe, utadhani wanakwenda kuoa ndagala. Na Bwana Mupini alipoanza kuzungusha, wote wakasimama wima mitumbwini, mikono ubavuni, pumzi wamezibana. Maana ndivyo yule mupiga picha wa zamani alivyotufundisha: ukitikisika unaharibu! Na sisi wa nchi kavu vilevile. Mimi nilikuwa na ungo wa ndagala kichwani na nzi puani, na sikumufukuza. Mukebe muzima ukaisha hivyo. Kitu kimoja tu kilitembea Rumonge asubuhi ile, mbuzi wa jirani yetu Sikujua, aliyepita mbele ya sanduku akitafuna kamba yake.

Bwana Mupini alitupa kofia yake muchangani, akasema maneno marefu, na Mustafa akatafsiri mafupi. Alisema Bwana anasema kama angetaka miti angebaki kwao, iko mingi. Anataka watu wanaotembea. Amuri akamujibu kwamba Bwana angesema mapema. Mutu akiitwa kupigwa picha anasimama, akiitwa kutembea anatembea. Nani anaitwa kwa jambo moja na kudaiwa lingine? Watu wakacheka, Mustafa akacheka, na alipokwisha tafsiri, Bwana mwenyewe akaokota kofia akicheka.

Mimi nilichaguliwa kumupikia. Usishangae, samaki wangu wa mukeke kwa mawese anajulikana. Ndiyo maana nikajua mambo mengi, sababu muzungu akishiba anasema, na Mustafa akishiba anatafsiri vizuri zaidi. Alituambia kwamba watu wa kwao wanakaa kwenye viti, gizani, na ukiwaonyesha ziwa lilelile kutoka mahali palepale, wanapiga miayo na kutafuta kofia zao waondoke. Lazima uwape mbali, halafu karibu, halafu karibu zaidi mpaka uso wa mutu ujae shuka nzima. Halafu mikono. Halafu kile ambacho yule mutu anakitazama. Halafu mutoto, halafu moshi, halafu mbali tena. Na lazima achukue nyingi kuliko anazohitaji, maana akishafika kwao na kuona pengo, hawezi kurudi Rumonge kuchukua muguu mmoja aliousahau.

Nikamwambia Mustafa amwambie Bwana kwamba hilo sisi wanawake tunalijua. Mutu akinisimulia harusi, akaniambia watu walikuwa wengi tu, nitasinzia. Nataka kujua bibi harusi alitokaje, nani alilia, nani alikula mara mbili, na mama mukwe alivaa uso gani. Bwana akaacha kutafuna. Akauliza jina langu, akaliandika kwenye kitabu chake. Toka hapo, mwanangu, kila asubuhi walikuwa wanapita kuniuliza leo tuchukue nini. Mimi, Mwanahamisi!

Basi sikulala kwa raha, niliogopa mikebe itaisha kabla ya vitu vizuri. Nikamupandisha Bwana juu ya paa la Sikujua ili apate ufuko wote na wanawake wanaoanika ndagala, muchanga unang'aa wote kama fedha. Sikujua alipiga kelele kwamba paa lake la nyasi halijawahi kubeba mwanaume, na likibomoka atalala kwa nani. Nikamutia Bwana mutumbwini na sanduku lake, nami nikabaki ukingoni nikisoma dua zote ninazozijua, maana sanduku lilikuwa linayumba na yeye amekumbatia miguu yake mitatu kama mutoto mugonjwa. Mwisho kweli muguu mmoja wa sanduku ulivunjika, wakaufunga kwa kamba. Nikamupeleka Gatete wanakotengeneza mawese. Nikamwambia asichukue mafuta peke yake. Achukue chikichi zikichemka, mwichi ukipanda na kushuka kinuni, jasho, halafu mafuta yanapoelea juu mekundu. Ndipo Mustafa akaniambia kwamba wekundu hautaonekana. Kwenye shuka kila kitu kinatoka rangi ya jivu. Nilihuzunika, sikufichi. Mawese bila wekundu ni nini? Bwana akasema ndiyo maana anahitaji nyuso za wale wanaoyatazama.

Na kuvua! Unajua ndagala wanavuliwa usiku kwa mienge. Sanduku halioni usiku. Bwana akataka waingie ziwani saa sita muchana na mienge yao imewashwa. Amuri alicheka mpaka akakaa chini. Alisema samaki watadhani wavuvi wa Rumonge wamerukwa na akili na watahama wote waende Nyanza. Lakini waliingia, jua kali, moto mukononi. Walipotoka, Bwana akawaomba warudi watoke tena, sababu sasa anataka miguu yao ikikanyaga maji. Wakatoka tena. Akawaomba warudi, sababu sasa anataka nyuso. Wale ndagala walivuliwa mara tatu, mwanangu, na mara ya tatu walikuwa wananuka, na Amuri anawamwaga muchangani huku anatabasamu kwa meno yote na anatukana kwa sauti ya chini, akijua sanduku halina masikio.

Ikabaki mikebe miwili. Jioni moja Bwana hakula vizuri. Nikauliza ni chumvi? Mustafa akasema hapana, Bwana anasema ana vitu vingi vizuri lakini havishikani, kila kimoja kinasimama peke yake. Anataka kitu kimoja kinachozaliwa mbele ya macho ya watu, kikue, kiende. Wote waliokuwa barazani wakasema kwa mudomo mumoja: mutumbwi. Na wakasema tena kwa mudomo mumoja: Muzee Maneno, baba yako. Amuri akaongeza kwamba mutumbwi wake mupya, alioutoa kwa Maneno mwezi wa Mfungo Sita, ni mwepesi kuliko yote aliyowahi kupanda, na umepata samaki tangu siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini isije ikaanguka.

Sasa, mwanangu, tumefika. Kaa kitako kama umesimama.

Ramadhani iliyopita, siku ya nne, alfajiri, baba yako alikuwa anatawadha akaanguka. Mudomo ulipinda, ukarudi baada ya siku saba. Muguu uliburuta, ukarudi. Mukono wa kuume haukurudi. Upo pale, una joto, lakini haushiki hata kijiko. Ni mwezi wa kumi na moja sasa. Barua zote nilizokuambia baba yako haongezi neno lake kwa sababu ana mitumbwi mingi, nilidanganya. Mwalimu Ramazani aliandika alichosikia, yeye hana kosa. Baba yako mwenyewe alinikataza. Alisema ukijua utaacha kazi yako na kuja mbio, na yeye hataki mutoto anayekuja kwa ajili ya mukono. Alisema hivyo mara moja na hakurudia, unamujua.

Watu wa muji walijua aliugua, wanajua alipona. Anatoka kila siku, mukono ameufungia ndani ya kanzu, vidole tu vinachungulia vimezungushiwa tasbihi, na watu wanasema Muzee Maneno siku hizi amekuwa mucha Mungu, haachi tasbihi. Na mitumbwi inaendelea kutoka. Ndiyo sasa uliza, inatokaje?

Vijana wanakata muti kule Kizuka na kuuchimba kwa juu juu pale anapoelekeza yeye, kama zamani. Wanaukokota mpaka nyumbani, wanauacha ndani ya uzio, na wanafukuzwa. Hapo inabaki kazi yake ya kumalizia, ile aliyokufundisha weye, ya kuchonga ndani mpaka ubao uwe sawa. Anakaa kwenye kigoda. Anagonga ubavu wa mutumbwi kwa kidole cha kushoto, anainamisha kichwa, anasikiliza. Anasema hapa bado nene. Anasema hapa acha, ukiongeza umetoboa. Na tezo ninaishika mimi.

Mimi, Alimasi. Mwanzo nilijikata mara mbili na nilitoboa mutumbwi mumoja, tukaupasua tukaupikia. Sasa sitoboi. Na unajua wavuvi wetu wanavyosema, mwanamuke asivuke hata kivuli cha mutumbwi ambao haujaonja maji. Amuri akijua nani aliuchonga ule wake mwepesi atautia moto leo hii, na hakuna atakayekuja tena kwetu. Kila akiusifu mimi nageuka nakohoa.

Basi Bwana Mupini akaja na sanduku lake. Nje, mbele ya watu wote, alimuchukua baba yako akiuzunguka mutumbwi, akigonga na kusikiliza, na Bwana alifurahi sana kwa kile kichwa kinavyoinama. Halafu akasema sasa anataka mikono, karibu. Baba yako akajibu kwamba kazi ya kumalizia haifanywi mbele za watu. Tukaingia ndani ya uzio sisi wanne tu, Bwana, Mustafa, baba yako na mimi nikijifanya nimeleta maji. Bwana mwenyewe akaushika mukono wa kuume wa baba yako ili auweke kwenye tezo. Akauinua. Akauona ulivyo. Akaurudisha polepole juu ya goti, kama unavyorudisha yai. Halafu Bwana akauliza, kwa sauti ndogo, sasa ni nani anamaliza mitumbwi? Baba yako alinigeukia mimi.

Na unajua Bwana alifanya nini? Alipiga makofi! Mustafa akatafsiri mbio mbio: Bwana anasema sanduku linaona pale linapoelekezwa tu, haliulizi mukono umeota kwenye mwili gani. Nikavua vikuku. Nikavaa kanzu ya baba yako, ile ya kazi, nikapiga magoti ndani ya mutumbwi, na jicho la sanduku likaja karibu hivi, hatua mbili, likatazama mikono yangu peke yake. Nikachonga. Mwanangu, sijawahi kuchonga vizuri vile. Maganda yalikuwa yanaruka membamba kama ya kitunguu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko tezo, nilitaka kucheka na kupiga vigelegele, na nilikatazwa hata kutikisa bega. Halafu Bwana akageuza sanduku, akachukua uso wa baba yako akitazama. Mustafa akanieleza kwamba baadaye Bwana atakata utepe kwa mukasi na kuugandisha: uso, mikono, uso, mikono. Watu wa Ulaya wataona fundi mumoja. Mustafa ameapa kwa Kurani hatasema, na baba yako siku ile alikula sahani mbili.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia. Bwana atateremka Nyanza kuchukua gulio, halafu Kigoma, halafu gari la moshi mpaka kwenu. Hapo ataosha utepe na kuujaribu kwenye shuka kabla ya kuupeleka Ulaya. Miguu ya sanduku inahitaji fundi, na mimi kwa furaha yangu, kabla sijafikiri, nilimutajia jina lako na karakana yako, nikamusihi akuonyeshe wazazi wako. Akaandika kitabuni. Usiku wake ndipo nikaelewa nilichofanya. Watu wote duniani watadanganyika na ile mikono, isipokuwa mutu mumoja aliyekaa miaka kumi karibu na mikono ya baba yake. Nikakuona umekaa gizani, mikono imetokea, na weye unajua si yake. Utadhani nini? Utadhani tumemuzika na kumuvalisha mutu mwingine kanzu. Hilo sikuweza kulibeba. Barua hii anaichukua Aruna, muuza nguo, kwa meli ya kesho, itamutangulia Bwana kwa siku nane au tisa.

Basi ukiitwa kwenye shuka, nenda. Mikono ikitokea, usipige kelele. Ni mikono ya mama yako. Itazame vizuri, useme kama nimeshika tezo sawasawa. Na uso unaofuata ni wa baba yako kweli, muzima, na hakuambiwa na mutu aukunje vile, alikuwa ananitazama.

Na mimi, si yeye, ninakuomba uje. Sisemi uache kazi. Sema na wakubwa wako, njoo mwezi mumoja, gari la moshi limefika Kigoma. Mimi ninajua kumalizia, lakini sijui kuanza. Muti mupya nikiuona sijui mutumbwi umekaa wapi ndani yake. Hilo anajua yeye, na anahitaji mutu wa kumufundisha kwa mukono.

Nilikuwa nimefika hapa nataka kufunga, baba yako akaja nyuma yangu bila kusikika. Hasomi, lakini aliona karatasi imejaa na mimi nalia, akajua. Nilingoja ugomvi. Akakaa. Akauliza kama nimekuambia lote. Nikasema lote. Halafu akasema niongeze maneno yake, na ninayaandika kama alivyoyasema: musalimie Alimasi, na akija apitie kwa wahunzi wa huko aniletee tezo ya mupini mufupi na chuma chembamba, sababu hii ya zamani ni nzito mno kwa mikono niliyo nayo siku hizi. Alisema hivyo akiitazama mikono yangu.

Jirani Sikujua anakusalimu, Amuri anakusalimu, mapacha wa mbuzi wangekusalimu kama wangekujua. Funga kifua asubuhi. Mungu akulinde njiani na kazini.

Ni mimi mama yako anayekungoja,
Mwanahamisi binti Feruzi